Namna ya Kulinganisha Misimamo ya Wagombea wa Bunge la Marekani Kabla ya Kupiga Kura

Mwongozo huu umekusudiwa raia wa Marekani wanaozungumza Kiswahili, awe Mkongo aliyeapishwa uraia Louisville, Mkenya wa Minneapolis au kijana aliyezaliwa Columbus na wazazi wa Kitanzania, ambaye anataka kujua wagombea wa Bunge wanatofautiana katika nini hasa kabla ya kumpa mmoja wao kura yake. Wengi wetu huamua kwa kuangalia chama, au kwa ujumbe wa sauti uliozunguka kwenye kundi la WhatsApp. Chama ni taarifa nzito na sisemi ipuuzwe, kwa kuwa wabunge wa Marekani mara nyingi hupiga kura pamoja na chama chao. Hata hivyo, chama peke yake hakikuambii ni yupi kati ya wagombea wawili wa chama hicho hicho atakayegusa ushuru wa pesa unazomtumia mama yako Bukavu. Njia ninayoipendekeza ni kuchukua swali lilelile, kuliweka mbele ya kila mgombea, na kutafuta jibu lake katika jambo alilolitenda au alilolisema kwa namna ambayo hawezi kuikana baadaye.

Kabla ya kwenda mbele, kuna onyo ambalo siwezi kuliacha. Kura za Bunge na za Rais ni za raia peke yao. Sheria ya mwaka 1996 inamfanya asiye raia anayepiga kura hizo kuwa mkosaji wa jinai, na kosa hilo linaweza kumfukuzisha nchini. Mwenye kibali cha ukaazi wa kudumu asijaze fomu ya kujiandikisha hata kama karani wa ofisi ya leseni za udereva amempa pamoja na karatasi nyingine. Anaweza kufanya kila kitu kingine kilichomo humu, ikiwemo kumsaidia mzazi au mwanawe aliye raia kusoma rekodi za wagombea.

Hatua ya kwanza: fahamu watakaokuwa kwenye karatasi yako ya kura

Baraza la Wawakilishi lina wabunge 435 wenye haki ya kupiga kura, na wote huchaguliwa kila baada ya miaka 2. Seneti ina maseneta 100, wawili kwa kila jimbo, na kila mmoja hukaa miaka 6, hivyo takriban theluthi moja ya viti vyao hushindaniwa katika kila uchaguzi wa Bunge. Uchaguzi wa Bunge wa 2026 ni Jumanne, tarehe 3 Novemba. Utampigia kura mgombea mmoja wa Baraza la Wawakilishi katika eneo bunge lako, na huenda pia ukampigia mgombea wa Seneti iwapo jimbo lako lina kiti kinachoshindaniwa.

Mipaka ya maeneo bunge kwa kawaida huchorwa upya baada ya sensa ya kila miaka 10, lakini mwaka 2025 majimbo kadhaa, yakiwemo Texas na California, yalibadilisha ramani zao katikati ya muongo. Mtu ambaye hajahama nyumba anaweza kujikuta katika eneo bunge jipya, mbele ya mbunge asiyemfahamu, kwa hiyo usitegemee unachokumbuka kutoka uchaguzi wa 2024. Ingia kwenye tovuti ya ofisi ya uchaguzi ya jimbo au kaunti yako, andika anwani yako, na upakue mfano wa karatasi ya kura pindi utakapotolewa. VOTE411, inayoendeshwa na League of Women Voters, pamoja na Ballotpedia, nazo zina orodha za wagombea na husaidia sana ofisi ya kaunti inapochelewa.

Jambo linalosahaulika zaidi ni mchujo, yaani uchaguzi wa awali wa kupata wagombea watakaoingia katika kura ya Novemba. Maeneo bunge mengi huegemea chama kimoja kiasi kwamba anayeshinda mchujo wa chama hicho ndiye atakayekwenda Washington, na ulinganishaji ukianza Oktoba unakuta uamuzi mkubwa umeshapita. Kanuni hutofautiana kwa jimbo. Kentucky ina mchujo uliofungwa, ambamo mwanachama wa chama kimoja hawezi kushiriki mchujo wa kingine, na anayetaka kubadili chama anapaswa kufanya hivyo kufikia tarehe 31 Desemba ya mwaka uliotangulia. Wakongo wengi wa Louisville na Lexington hulijua hilo wakiwa wamesimama kituoni mwezi Mei. California na Washington huwaweka wagombea wote katika mchujo mmoja, na wawili wa juu huendelea hata wakiwa wa chama kimoja. Maine hukuruhusu kuwapanga wagombea kwa upendeleo, wa kwanza, wa pili, wa tatu, kwa hiyo mpiga kura wa Portland anahitaji kuwafahamu wote, kwani nafasi yake ya pili inaweza kuamua mshindi.

Hatua ya pili: chagua maswali machache ambayo Bunge lina mamlaka nayo

Chagua mambo matatu hadi matano yanayogusa maisha yako. Halafu jiulize kama Bunge lina mamlaka juu ya kila moja, maana kampeni hujaa ahadi ambazo mbunge hana uwezo wa kuzitimiza. Shule za watoto wako huendeshwa zaidi na jimbo na bodi ya mtaa, na polisi wa mji wako wako chini ya serikali ya mji. Kima cha chini cha mshahara cha taifa, ambacho ni dola 7.25 kwa saa na hakijapanda tangu 2009, kiko mikononi mwa Bunge, ingawa majimbo mengi yamejiwekea kiwango cha juu zaidi.

Uhamiaji unahitaji uangalifu wa pekee, kwa sababu mamlaka yake yamegawanyika. Chini ya Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1980, idadi ya juu ya wakimbizi wanaopokelewa kila mwaka hupangwa na Rais baada ya kushauriana na Bunge. Ndiyo maana idadi hiyo iliweza kushuka kutoka 125,000 katika mwaka wa fedha wa 2024, mwaka ambao Kongo ndiyo iliyoongoza kwa wakimbizi waliofika, hadi 7,500 katika mwaka wa fedha wa 2026, pasipo sheria mpya kupitishwa. Mgombea anayekuahidi kuipandisha namba hiyo akiwa mbunge anakuahidi kitu kisicho chake moja kwa moja. Muulize badala yake kuhusu fedha za kuwapokea wakimbizi, ambazo Bunge huzipitisha, au kuhusu kubadilisha sheria yenyewe. Bahati nasibu ya viza, kwa upande mwingine, iliwekwa na sheria ya mwaka 1990, na Bunge linaweza kuifuta au kuibakisha kwa kura. Vivyo hivyo mpango wa biashara na Afrika wa AGOA, wa kuingiza bidhaa za Afrika Marekani bila ushuru, uliopitishwa mwaka 2000 na kuongezewa muda mwaka 2015 hadi Septemba 2025, hutegemea Bunge kila muda wake unapokwisha, na wenye ndugu katika viwanda vya nguo vya Athi River wanajua maana yake.

Kwa wagombea wa Seneti, ongeza swali kuhusu majaji na mabalozi, kwa kuwa Seneti peke yake ndiyo inayowathibitisha.

Kila swali liandike kwa ufinyu. "Msimamo wako kuhusu uhamiaji ni upi?" ni swali litakalozaa hotuba. "Utapiga kura kuifuta bahati nasibu ya viza au kuibakisha?" lina jibu la neno moja, na asipolitoa umeshajifunza jambo.

Hatua ya tatu: soma rekodi ya kura kwa makini

Mgombea anayetetea kiti chake ana rekodi ya wazi. Congress.gov ina maandishi ya kila mswada, marekebisho yake, waliouunga mkono kwa kutia saini, na mlolongo wa hatua zake. Kura za jina kwa jina zinapatikana kwa Karani wa Baraza la Wawakilishi na kwenye tovuti ya Seneti, na GovTrack hukuwezesha kumfuata mbunge mmoja kura kwa kura. Kazi kubwa huanza unapotaka kujua kura hiyo ilikuwa na maana gani.

Chukua swali la pesa za kutuma nyumbani. Katika Bunge la 119, lililoanza Januari 2025, mswada nambari H.R. 1 ulianza na rasimu iliyopendekeza ushuru wa asilimia 5 kwa pesa zinazotumwa nje na wasio raia. Ulipopita Baraza la Wawakilishi tarehe 22 Mei 2025, kwa kura 215 dhidi ya 214, ushuru ulikuwa umeshushwa hadi asilimia 3.5, na raia wakalindwa. Seneti ikaubadilisha tena: ukawa asilimia 1 kwa mtumaji yeyote, raia au asiye raia, lakini kwa anayelipa kwa pesa taslimu, hawala ya fedha (money order) au hundi ya benki peke yake, huku anayetuma kwa akaunti ya benki au kadi ya benki akiachwa. Seneti iliupitisha kwa 51 dhidi ya 50, Makamu wa Rais JD Vance akiamua sare, na Baraza likaukubali tarehe 3 Julai kwa 218 dhidi ya 214. Ushuru ulianza kutozwa tarehe 1 Januari 2026.

Tazama sasa ugumu wa kusoma kura hizo. Aliyepiga ndiyo mwezi Mei aliukubali ushuru mmoja, na aliyepiga ndiyo mwezi Julai aliukubali mwingine. Zaidi ya hapo, mswada huo huo ulibeba punguzo la kodi, fedha za mpakani, sharti la kazi la saa 80 kwa mwezi kwa watu wazima wengi wanaotumia Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo, na kipengele kilichowaondolea wakimbizi msaada wa chakula wa SNAP mpaka wapate ukaazi wa kudumu. Huwezi kusema kwa haki kwamba kila aliyeuunga mkono aliupenda ushuru wa kutuma pesa, wala kwamba kila aliyeupinga alikuwa akikutetea wewe.

Sababu za waliopinga zinalionyesha jambo hilo vizuri. Wademokrat wote walipiga hapana. Upande wa Republican, Thomas Massie wa Kentucky alipinga mara zote mbili akilalamikia deni la taifa. Warren Davidson wa Ohio alipiga hapana mwezi Mei na ndiyo mwezi Julai. Brian Fitzpatrick wa Pennsylvania alifanya kinyume chake, akieleza kwamba mabadiliko ya Seneti kuhusu Medicaid yalimfanya ageuke. Katika Seneti, Rand Paul alikataa kwa sababu ya deni, na Thom Tillis kwa sababu ya Medicaid. Hapana ya Massie na hapana ya Fitzpatrick zimesimama kwenye safu moja ya karatasi, ilhali wawili hao wanaweza kutengana kabisa katika mswada ujao wa afya. Kwa hiyo, ukishaipata kura, tafuta taarifa aliyoitoa mbunge siku hiyo au siku iliyofuata, na uandike sababu yake pembeni mwa kura.

Zipo kura nyingine zinazohitaji tahadhari. Katika Seneti, miswada mingi huhitaji kwanza kura 60 za kufunga mjadala, na seneta anaweza kuwa upande tofauti katika kura hiyo na katika kura ya mwisho. Machi 2021, pendekezo la Seneta Bernie Sanders la kuupandisha mshahara wa chini hadi dola 15 lilianguka kwa 42 dhidi ya 58, na wanane kati ya waliolikataa walikuwa wa upande wa Wademokrat, baadhi wakisema walipinga kuliingiza katika mswada wa msaada wa COVID-19. Sababu ya namna hiyo inaweza kuwa ya kweli au ya kujikinga. Utaijua kwa kuangalia kama seneta huyo aliwahi kuwasilisha au kutia saini mswada mwingine wa mshahara kabla au baada ya hapo.

Mambo mengine huamuliwa kwa kura ya sauti, na hapo hakuna majina. Kutia saini kuunga mkono mswada ni ishara nyepesi, kwa kuwa miswada mingi hufia kwenye kamati na aliyetia saini hapotezi kitu. Saini yenye uzito ni ile ya ombi la kuutoa mswada kwenye kamati kwa nguvu, ambalo katika Baraza la Wawakilishi huhitaji majina 218 na huwekwa hadharani. Desemba 2025 Warepublican wanne walijiunga na Wademokrat kulazimisha kura juu ya ruzuku za bima ya afya, dhidi ya matakwa ya viongozi wa chama chao. Mimi huipa saini ya aina hiyo uzito kuliko hotuba kumi, kwa sababu ina gharama kwa anayeitia.

Hatua ya nne: mtendee haki mgombea asiye na rekodi ya Bunge

Mshindani mpya hana kura hata moja Washington, na si haki kumhukumu kwa ukimya wa rekodi ambayo hakuwa na nafasi ya kuijenga. Tafuta alikotumikia. Kama alikuwa katika bunge la jimbo au baraza la mji, kura zake zipo kwenye tovuti za huko. Ballotpedia, Vote Smart na VOTE411 huwatumia wagombea maswali yaleyale na kuchapisha majibu yao kwa maneno yao wenyewe, na hiyo ndiyo nafasi rahisi zaidi ya kuwasoma sambamba. Midahalo ya wagombea hurushwa na vituo vya jimbo, na mingi huwekwa C-SPAN, kituo cha televisheni cha habari za Bunge na siasa, ambako unaweza kuitazama tena kwa utulivu.

Ukisoma tovuti za kampeni, pima kila ahadi kwa vitu vitatu: kiasi, tarehe na njia. Mgombea anayesema atailinda Medicaid hajakuambia kitu bado, kwa sababu waliopiga ndiyo na waliopiga hapana kwenye H.R. 1 wote walidai kuilinda. Anayesema ataunga mkono kuondoa sharti la saa 80, na akautaja mswada au kifungu atakachokipitia, ametoa ahadi inayoweza kukaguliwa. Vitenzi kama kuimarisha, kurekebisha na kupigania vipitie haraka mpaka ukute namba.

Hakikisha pia unasoma au kusikia maneno ya asili. Tafsiri za Kiswahili zinazosambazwa kwenye makundi ya jumuiya hufanywa kwa nia njema mara nyingi, lakini sentensi yenye masharti hupoteza masharti yake njiani, na siku hizi sauti ya mtu inaweza kuigizwa na kompyuta. Kama huwezi kuipata kauli hiyo kwenye video kamili au chombo cha habari kinachojulikana, usiiweke kwenye ulinganisho wako.

Hatua ya tano: uliza mwenyewe

Hili hatulifanyi vya kutosha, na ni la bure. Mbunge aliye madarakani ana ofisi ya umma na ofisi ya kampeni, na mbili hizi zimetenganishwa kwa kanuni. Ofisi ya umma itakueleza alivyopiga kura na sababu zake, lakini haitazungumzia uchaguzi. Maswali ya ahadi yapeleke kwa kampeni. Andika kwa heshima, taja mji wako na msimbo wa posta, na uulize swali moja, kwa mfano: "Ushuru wa asilimia 1 wa pesa zinazotumwa nje, utapiga kura kuuondoa, kuubakisha au kuupandisha?" Tuma maneno yaleyale kwa kila mgombea siku moja, na uwape wote muda sawa wa kujibu. Jumuiya au kanisa likituma swali kwa niaba ya watu wengi, huwa gumu zaidi kwa kampeni kulipuuza.

Kuhusu fedha na alama za makundi

Tume ya Uchaguzi ya Shirikisho, FEC, huchapisha michango ya kampeni, na mchangiaji aliyempa mgombea zaidi ya dola 200 hutajwa kwa jina. Mtu mmoja anaruhusiwa kumpa mgombea hadi dola 3,500 kwa kila uchaguzi katika kipindi cha 2025 na 2026. Tangu 2010, makundi yanayojitegemea yanaweza kutumia fedha bila kikomo ilimradi yasipange mambo pamoja na mgombea, na matangazo makali mengi ya televisheni hutoka kwayo. OpenSecrets hupanga takwimu hizi kwa sekta. Mchango hauthibitishi msimamo. Unakupa swali la kwenda kuliuliza.

Alama za asilimia zinazotolewa na makundi ya utetezi zisome ukijua kwamba kundi lenyewe ndilo lililochagua kura za kuhesabu. Soma alama za makundi mawili yanayopingana, kisha uzifungue kura walizozichagua.

Hatua ya mwisho: jaza jedwali na ulibebe

Weka maswali yako upande wa kushoto na majina ya wagombea juu. Katika kila kisanduku andika jibu, tarehe, na nguvu ya ushahidi: kura, maandishi, kauli ya mdomo au kimya. Usiunganishe visanduku kuwa jumla ya alama, kwa sababu swali la bima ya mtoto mgonjwa halina uzito sawa na la ushuru wa asilimia 1, na uzito huo ni wewe tu unayeweza kuuweka. Visanduku vya kimya virudie wiki mbili kabla ya kura. Anayepiga kura kwa posta au mapema afanye marudio hayo kabla ya kuirudisha bahasha, kwa kuwa kura iliyokwisha kupokelewa kwa kawaida haibadilishwi.

Kiswahili hakimo kati ya lugha ambazo Sheria ya Haki za Kupiga Kura inazilazimu kaunti kuzitafsiria karatasi, lakini kifungu cha 208 cha sheria hiyo kinampa asiyeweza kusoma au kuandika haki ya kuingia kwenye kibanda na msaidizi anayemchagua mwenyewe, ilimradi asiwe mwajiri wake au kiongozi wa chama chake cha wafanyakazi. Mama anayesoma Kiswahili peke yake anaweza kwenda na binti yake. Jedwali liwe kwenye karatasi, maana baadhi ya majimbo hayaruhusu simu ndani ya kituo, na binti amsomee mama majina kama yalivyo, kisha aweke alama pale mama atakapomwambia.